Kwa Aliye Mbali Haisemwi

Kambini, msitu wa ziwani, Kigoma
12 Mei 2023

Dada Rukaya,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mpe mama shikamoo yangu, umngoje aitikie. Ameitikia? Haya.

Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Najua umeshanuna, unasema dunia ina simu, huyu anahangaika na kalamu. Huku kambini mtandao haufiki mpaka upande boti hadi kijijini. Tena mama mwenyewe ndiye aliyesema simu hukatika katikati ya neno na barua haikatiki. Kwa hiyo hii ni yake, wewe ni mdomo tu.

Mama aliuliza kazi yenyewe ni ipi. Mama, kazi yangu ni kutangulia. Alfajiri tunaingia msituni kutafuta walikolala sokwe. Wanalala juu ya miti, kila mmoja katandika matawi yake, na asubuhi wanashuka wakiwa na uvivu kama watu wa Jumapili. Tukishawaona tunaita kwa redio, naye Gregori, mkubwa wetu wa kazi, anawapandisha wageni. Wageni wanavaa barakoa, hawali, hawatemi mate, hawasogei karibu, na wakishatazama kidogo wanateremshwa. Mtu mwenye kikohozi hapandi kabisa. Mafua yetu yakimpata sokwe yanamwua. Juzi mgeni mmoja mtu mzima, katoka nchi za mbali, kakohoa pale chini mara moja tu, Gregori akamrudisha. Yule baba alilia.

Sasa lile jambo lako, la mama kuja huku kutembea. Nimemwomba Gregori, amekubali. Mwezi wa nane njia zitakuwa kavu na sokwe watakuwa wameshuka karibu na kambi, hata mguu wa mzee unafika. Mama atapanda treni Dodoma, nitampokea Kigoma mwenyewe. Ataiona nchi aliyotoka babu alipokwenda kukata mkonge huko kwenu, na atawaona sokwe.

Salamu kwa mjomba Mhina na majirani wote wa Ngombezi.

Ni mimi mdogo wako,
Iddy


Ngombezi, Korogwe
3 Juni 2023

Mdogo wangu Iddy,

Marahaba. Mama naye ameitikia, tena kwa sauti, hadi jirani akaitikia akidhani kaamkiwa yeye.

Sisi hatujambo. Mvua imetukimbia mapema. Mahindi ya mjomba kule Sindeni yamekauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na mjomba amekasirika kama vile kuna mtu wa kumshtaki. Mimi bado nipo kiwandani, kwenye brashi, ile mashine ya kusugua nyuzi za mkonge, vumbi lile lile alilolila mama miaka yake yote.

Barua yako nimeisoma mpaka imechoka. Kila anayekuja kumjulia hali mama anasomewa. Amenunua raba, Iddy. Raba za wanaume, za buluu, na kila jioni anazivaa anatembea mpaka relini na kurudi, anasema anazoeza miguu kupanda mlima. Watu wa hapa wanamwita Mtalii. Anawajibu, "Nakwenda kuwaona hao nyani walioninyang'anya mtoto." Nimemwambia ni sokwe, si nyani. Amesema atakapowaona ndipo atajua awaite nani.

Amepungua kidogo, lakini ni mwendo huo wa jioni. Anauliza swali moja, anasema nikuandikie kama lilivyo: je, na kikohozi kile cha vumbi la mkonge, ambacho si ugonjwa, nacho kinazuia mtu kupanda? Anauliza tu.

Kula vizuri. Hao wanyama wana mama zao, wewe una wako.

Dada yako,
Rukaya


Kambini
9 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Hii usimsomee mama. Ya kwake nimeikunja ndani, nyepesi, msomee hiyo.

Ugonjwa umeingia msituni. Walianza wawili kupiga chafya, sasa nusu ya kundi wanakohoa. Kama ni mgeni aliyeuleta au ni sisi wenyewe, hakuna anayejua. Wageni wamesimamishwa. Sisi tuliomo ndani hatutoki bila ruhusa na wa nje haingii, boti inaleta chakula na barua, inaachia gati, inaondoka. Nimemzika dume mmoja niliyemfuata msituni tangu nianze kazi hii. Kwa hiyo safari ya mama mwezi wa nane haipo. Nimemwandikia kuwa tumeisogeza mbele kidogo.

Lile swali lake la kikohozi limenikosesha usingizi. Anakohoa, sivyo? Anakohoa tangu lini, na amekuzuia kuniambia ili asikose safari. Nakujua wewe na namjua yeye.

Sasa nisikilize. Baba alipofariki, mimi nilikuwa Arusha kwenye ujenzi. Mlinitumia ujumbe: baba anaumwa sana, anakuuliza, njoo umwone. Nikanunua sweta, maana nilisikia mgonjwa anaona baridi. Njia nzima nimelipakata. Nashuka Korogwe, Muhsin akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka mlangoni, nikatoa nauli akaikataa, akasema, "Ingia tu, kaka." Nikaona mikeka nje. Baba alikuwa kaburini tangu jana yake, na mlipokuwa mnaandika "anaumwa" alikuwa anaoshwa. Sweta lile ninalo mpaka leo, nalivaa huku asubuhi zenye ukungu.

Najua ndiyo desturi. Najua mtu akiwa mbali haambiwi, asije akaanguka njiani peke yake. Lakini mimi nakuomba: mama akifa, niandikie amekufa. Na kama anaumwa, niandikie anaumwa. Niahidi.

Iddy


Ngombezi
11 Agosti 2023

Iddy mdogo wangu,

Marahaba. Majirani wanakusalimu. Mjomba Mhina amekuja kutoka Sindeni, yuko hapa nasi.

Nimeipata barua yako. Hilo unalotaka niahidi siwezi kuliahidi. Kuna maneno mtu haandikii mtu aliyekaa peke yake porini, hata akiyaomba. Mama yetu hakutulea hivyo, na wewe usinifundishe ukubwa.

Mama anaumwa sana. Kile kikohozi kilikuwepo tangu Machi, ni kweli alinikataza kukuambia, akasema ukijua utawaambia nao watamfungia njia. Tulimpeleka hospitali, wakamlaza, sasa tumerudi naye nyumbani. Kifua kimejaa. Anakuuliza kila asubuhi.

Nimepiga simu ofisi yenu ya kijijini wakuite kwa redio, wamesema watakuita. Barua hii nampa kondakta wa basi kwa sababu sijui kama watafanya kweli.

Njoo umwone. Omba ruhusa, njoo.

Rukaya


Kambini
27 Agosti 2023

Dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Shikamoo, na pole. Pole sana wewe uliyekuwepo.

Redio ilitangulia barua yako. Gregori alinijia na uso wa mtu aliyetumwa, akasema, "Iddy, nyumbani wanasema mama anaumwa sana, uende." Nikamwuliza, anaongea? Akasema, "Wamesema uende tu." Nikakaa chini palepale kwenye majani. Barua yako ilipofika nikakuta maneno yale yale ya baba. Anaumwa sana. Anakuuliza. Njoo umwone. Na mjomba Mhina ameshafika kutoka Sindeni. Dada, sikulaumu. Najua mkono wako ulikuwa mzito ulipoandika.

Ruhusa nilipewa siku ile ile, boti ilikuwa tayari. Nikapiga hesabu ya safari na nikajua ningefika mama ameshazikwa siku nyingi. Tena nikwambie kweli yote: sikutaka kufika tena pale mlangoni na zawadi ya mgonjwa mkononi. Moyo ulikataa. Nikamwambia Gregori nabaki, wagonjwa wa huku bado wananihitaji. Waislamu wachache tuliopo tulimsomea Yasini. Gregori, Mkristo yule, ndiye aliyepika. Nililia usiku na mchana mpaka wenzangu wakanificha panga.

Kuna jike mmoja, tunamwita Zamda. Mtoto wake amekufa na ugonjwa huu, mdogo hata jina tulikuwa hatujampa. Zamda hajamweka chini. Anatembea naye, mtoto amekauka amekuwa kama kipande cha ngozi, na inzi wanawafuata. Akipanda mti anambana kati ya shingo na bega ili mkono upate kushika tawi. Akikaa anampangusa inzi na kumtazama usoni. Wenzake wanamkwepa. Mimi nikamtazama nikasema, wewe umeonyeshwa na umekataa kujua, mimi sikuonyeshwa na nimekubali. Yule bado anambeba wake. Mimi mama yangu nimeshamtua. Nilikwenda mtoni, nikamwombea, nikamtua pale kwenye mawe, nikainuka kwenda kazini.

Nakuja likizo ya Desemba kuliona kaburi. Raba zake usizigawe.

Iddy


Ngombezi
8 Septemba 2023

Iddy,

Leo sikusalimu.

Mama yu hai. Naandika nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake na namsikia anavyovuta pumzi.

Barua yako ililetwa akiwa macho. Aliiona bahasha mkononi mwangu, akasema, "Ya mwanangu hiyo, isome." Nikaifungua mbele yake. Unajua nilichokikuta mstari wa kwanza? Mama amenitazama, anangoja shikamoo yake, na mimi naangalia tanzia yake mwenyewe. Miezi yote hii kazi yangu ni mdomo tu, ulisema. Mdomo ulikauka, Iddy.

Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Ruhusa ulipewa. Boti ilikuwa tayari. Ukapiga hesabu.

Halafu nikikaa nakukumbuka na lile sweta, hasira inanigeukia mimi. Maana najua hata sasa unasoma "yu hai" na unatikisa kichwa. Na wakati wa baba niliandika hivyo hivyo, mkono huu huu. Sina neno la kukupa ambalo sikulitumia kwa uongo. Ofisi yenu nimepiga tena, kijana wa redio akaniuliza aseme nini. Aseme mama anaumwa? Umeshasikia hilo. Aseme njoo? Umeshasikia na hilo.

Nikamwambia mama, Iddy hasadiki kwamba unaumwa kweli, nimwandikie nini aamini? Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwulize, yule mama nyani ameshamtua mwanawe?"

Nimeandika kama alivyosema, na nyani wake. Habari ya huyo Zamda umeiandika kwenye barua hii moja ya tanzia, hukuiandika kwingine. Mtu aliyekufa kabla ya barua hiyo asingeijua. Soma tena uone kama nadanganya.

Hali yake ni mbaya. Chakula kimekataa, maji anapokea kwa kijiko. Kila akisikia pikipiki nje anageuza uso mlangoni.

Njoo. Usiandike, njoo.

Rukaya


Kambini
2 Novemba 2023

Dada Rukaya,

Shikamoo. Niliondoka kwako siku ya pili baada ya matanga kumalizika, bila kukuaga. Sikuweza, na wewe hukunitazama. Nimefika salama.

Nataka uijue safari yangu, maana pale nyumbani hatukuzungumza. Barua yako niliipokea gatini, na nilipofika kwenye lile swali la mama nilijua yu hai, nikapanda boti ile ile. Sikurudi hata kambini kuchukua nguo. Kigoma nilinunua migebuka wakavu, maana mama aliwahi kusema anatamani kuwaonja samaki aliokuwa akihadithiwa na babu. Nililala na kuamka kwenye mabasi nikimwomba Mungu kitu kimoja. Nikafika Korogwe. Muhsin alikuwepo stendi, akanipokea mzigo, hakuuliza habari za safari. Tukapanda pikipiki. Nikaanza kumsemesha mimi, habari za mvua, habari za mkonge, na ananijibu kwa kichwa. Tulipofika nikatoa nauli. Dada, nilimsihi aichukue. Nilimshika mkono nikambana noti kiganjani, nikamwambia, chukua, Muhsin, nakuomba, chukua. Akakunja vidole akasema, "Ingia tu, kaka." Mikeka ilikuwa nje.

Wamenambia mlimzika Sindeni kwa watu wake, jana yake, baada ya swala ya alasiri. Wale migebuka sijui nani aliwala.

Huku ugonjwa umepita. Wamekufa wengi, waliobaki wanapiga kelele zao asubuhi kama zamani, na wageni wameanza kurudi na barakoa zao na kamera. Jana nilimtangulia bibi mmoja wa makamo ya mama, anatoka Moshi, watoto wake wamemlipia. Alipomwona sokwe wa kwanza alikaa chini akasema, "Kumbe ni watu," akaanza kucheka na kulia. Nikasogea pembeni, nikajifanya natafuta njia.

Lile swali la mama nina jibu lake. Zamda amemtua. Wenzangu wanasema ilikuwa siku zile nipo safarini. Alimlaza kwenye jiwe karibu na mto, akakaa naye mpaka jua likapinda, akaondoka. Alirudi mara moja kutazama, kisha hakurudi tena. Ukienda Sindeni mwambie.

Na mimi nina swali langu, ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Ile barua ya tanzia ulimsomea yote? Habari ya Zamda niliiandika katikati ya kilio changu, neno la kumbeba mtoto na neno la kumtua mama yamo mstari mmoja. Yeye aliuliza kwa neno lile lile la kumtua. Alijua, dada? Alijua kuwa mwanawe amemzika angali anapumua? Niambie ukweli hata ukiwa mchungu namna gani. Sioni usingizi.

Iddy


Ngombezi
26 Novemba 2023

Mdogo wangu Iddy,

Marahaba. Nimeitikia mara mbili, moja ya mama, maana mazoea hayakatiki upesi.

Vuli imenyesha vizuri, mjomba Mhina analima hata na miguu yake inayomsumbua. Kiwandani wamenipumzisha brashi, nimeanza kukohoa, wamenihamishia kupanga mafungu. Usianze kupiga hesabu, ni vumbi tu.

Nilikwenda Sindeni Ijumaa iliyopita. Nilipalilia pale kaburini, nikamwambia Zamda amemtua mwanawe. Nilisema kwa sauti kama nilivyokuwa nikimsomea, watu waliopita na majembe yao wakaniamkia wakaniacha. Raba zake ninazo. Zina udongo wa relini kwenye nyayo, sijaziosha na sitaki mtu aziguse.

Hasira yangu imepungua, haijaisha. Nakuambia ili usidhani kunyamaza kwangu ni kusamehe. Na yako juu yangu najua ipo, iweke wazi siku moja tuione.

Umeniuliza kama mama alijua. Hakujua, Iddy. Nilimsomea shikamoo yako kwake, ambayo hukuiandika, na habari za sokwe, na nyingine nikaziruka. Alifurahi. Alilala vizuri siku ile.

Hilo ndilo jibu ninaloandika. Ukiuliza tena kwa barua nitakujibu hilo hilo, na ukipanda boti hadi kijijini ukapiga simu nitakujibu hilo hilo, neno kwa neno. Wewe uko porini, umekaa peke yako na hao wanyama wako, na wenzako walishawahi kukuficha panga. Kwa aliye mbali haisemwi.

Ukilitaka la kweli, njoo. Uje, ukae mkekani, nikupe maji unywe kwanza, na mimi nikae karibu yako ambapo mkono wangu unakufikia. Hapo utaniuliza nami nitakuambia alichosema mama, chote, tangu barua ilipofunguliwa.

Nimeshamwambia Muhsin. Siku utakayoshuka Korogwe, akutoze nauli.

Dada yako,
Rukaya